Barua ya wazi: Tujibuni kwa maandishi kuhusu vocha za mtaa

Mikindani, Mombasa

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia biashara, masoko, vyama vya ushirika na fedha za umma hapa Mombasa,

MINTARAFU: VOCHA ZA KUBADILISHANA BIDHAA NA HUDUMA MTAANI

Salaam kwenu nyote.

Nawaandikia nikiwa katibu wa kikundi cha wafanyabiashara wadogo wa huku Mikindani. Tuko wauza mboga, mafundi cherehani, wasusi, vinyozi, wapishi wa mbaazi na mahamri, waendesha tuktuk, seremala, na mwalimu mmoja wa chekechea. Jambo letu tulilileta kwanza kimyakimya, kwa adabu zote. Tuliandika, tukapeleka barua kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisi iliyoipokea siitaji kwa jina, kwani sina haja ya kumwaibisha karani wa mtu. Wenyewe muhuri wao wanaujua. Tulipofuatilia tukaambiwa faili iko kwa mkubwa. Tulipomfuata mkubwa, faili ikawa imeshuka kwa karani. Mwisho wa yote mtu mmoja alituita pembeni akatuambia kwa huruma kabisa: "Mama, haya mambo ya kutengeneza pesa yaacheni. Mtafungwa." Maneno hayo hakuyaandika popote. Aliyasema tu, akaingia ndani.

Kwa hiyo leo nayasema mbele ya watu.

Kwanza nieleze tunataka kufanya nini, maana nimegundua wengi wanaotukataza hawajawahi kutuuliza. Huku kwetu kazi zipo na shida za kufanyiwa kazi zipo. Kinachotoweka, hasa katikati ya mwezi, ni shilingi. Msusi amekaa barazani hana wa kumsuka. Mama mbaazi anarudi nyumbani na nusu sufuria. Mwenye tuktuk amelala kivulini. Fundi cherehani ana sare za shule za kushona lakini mwenye watoto hajapata. Watu hawa wanne wangeweza kuhudumiana asubuhi hiyohiyo, kila mmoja ana kitu anachokihitaji mwenzake, ila wote wanangoja shilingi itoke bandarini, au mjengo, au kwa mtu wa mjini aliyesema atatuma jioni.

Tulichokubaliana ni hiki. Kila mwanachama apewe vocha za karatasi za thamani ndogo inayolingana. Vocha ni ahadi ya wanachama wote kwamba mwenye nayo atapewa bidhaa au huduma kwetu, kwa sehemu ya bei, sehemu nyingine alipe shilingi. Haina riba. Haiuzwi wala haibadilishwi kuwa shilingi. Nje ya kikundi haina kazi. Anayeingia adhaminiwe na wenzake, na akihama akiwa amepokea kuliko alivyotoa, wadhamini wajaze pengo. Kwa ufupi ni lile daftari la madeni ambalo kila duka la mtaani linalo chini ya kaunta, isipokuwa hapa deni linaweza kutoka mkono kwa mkono na kila mtu analiona.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Kesi ya 2013 iliondolewa, lakini bado tunahukumiwa kwayo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kidonda kilipo.

Mombasa ndiyo iliyotangulia katika mambo haya nchini Kenya. Mwaka 2010 vocha zilizoitwa Eco-Pesa zilitumika katika mitaa ya Kongowea. Mei 2013 mtaa wa Bangladesh, hapa hapa Mikindani, ukazindua Bangla-Pesa. Ili ujiunge ulitakiwa uwe na biashara na uwe na wanachama wanne wa kukudhamini. Sehemu ya vocha ulizitumia kwa wenzako, na sehemu iliingia kwenye kazi za mtaa kama kuzoa taka. Kabla mwezi haujaisha, Will Ruddick, Mmarekani aliyekuwa akiongoza mpango huo, alikamatwa pamoja na watu wengine watano. Yakatajwa maneno ya kuwahusisha na Mombasa Republican Council (MRC), kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, na kila aliyekuwa Pwani wakati ule anajua uzito wa kutajwa sentensi moja na MRC. Kesi ya kughushi ikafunguliwa.

Agosti mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliiondoa kesi hiyo. Novemba vocha zikarudi mtaani, mchana kweupe.

Na hazikuishia hapo. Zilifuata Gatina-Pesa kule Kawangware, Lindi-Pesa Kibera, na Miyani-Pesa kwa majirani zetu wa Kinango, Kaunti ya Kwale. Baadaye mpango ukahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, na mwaka 2020, korona ilipofunga kazi za watu, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya likashiriki kuusambaza. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Kinango na Mukuru kule Nairobi, waliutumia kununua unga, kuni na maji. Miamala yao imechapishwa wazi kwa ajili ya utafiti. Kwa hiyo leo mtafiti aliyeko Ulaya anaweza kusoma jinsi vocha ilivyozunguka Kinango, na mimi niliyeko mtaa ule ule zilikoanzia Bangla-Pesa naambiwa nitafungwa.

Kikundi chetu si tawi la mpango ule, ingawa wako kati yetu waliowahi kuutumia. Lakini hofu tuliyoachiwa ni ileile. Mzee mmoja mwenye duka la nafaka alikubali kila kipengele mkutanoni, hata akaongeza vingine vizuri. Zamu yake ya kutia sahihi ilipofika akauliza: askari wakija dukani, nani atawaeleza? Hakuna aliyemjibu. Kukamatwa kulitangazwa kwa kishindo. Kuondolewa kwa kesi hakuna ofisi iliyokuja mtaani kutuambia. Tunadai mtueleze nanyi, kwa sauti ileile.

2. Hatujaambiwa ni sheria gani tunayovunja.

Shilingi ya Kenya ndiyo fedha halali na Benki Kuu ndiyo inayoitoa, kwa ibara ya 231 ya Katiba. Hilo hatulipingi hata chembe. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Nyongeza ya Nne, imezipa kaunti kazi ya kukuza na kusimamia biashara, masoko na vyama vya ushirika. Basi msitutupe Nairobi kila tukibisha hodi. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 89, inasema mamlaka za kaunti zina wajibu wa kujibu maombi ya wananchi haraka. Muhuri wa kupokea haujawa jibu.

3. Mnatuhimiza tufanye biashara, na mnachotudai mnakitaka leo, lakini mnachodaiwa hakifiki.

Hili wenzangu walitaka niliache nisije nikawaudhi. Sikuliacha, maana ndilo linalofanya vocha zihitajike.

Shilingi inapoingia Mikindani haikai. Asubuhi mtu amelipwa kibarua. Kufikia usiku kodi ya nyumba imekwenda kwa mwenye nyumba aliyeko kwingine, bei ya jumla imekwenda Kongowea na kutoka hapo kwenye lori lililoteremka kutoka bara, na kilichobaki kimekatwa na mkopo wa simu kabla mwenyewe hajajua. Bandari iko pale Kilindini, makontena yanapita Miritini mchana na usiku, na sisi tunayahesabu tu. Kila shilingi inayotumika mara mbili au tatu huku kabla ya kutoka ni mlo wa mtu.

Sasa, taasisi za umma ni wanunuzi wakubwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 imetenga angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vizuri sana. Lakini seremala wetu alipata kazi ya namna hiyo katika taasisi moja ya umma, akakopa mbao, akatengeneza madawati, akayapeleka kwa wakati. Malipo yalipokuja kutoka, mwenye mbao alikuwa keshachukua msumeno wa umeme kufidia deni. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutaja kila mara madeni ambayo kaunti hazijawalipa wafanyabiashara, basi jambo hili si la seremala mmoja. Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa. Huyu amecheza kwao, akaenda nyumbani bila msumeno.

Lau nyinyi mngelipa kwa wakati, haja yetu ya vocha ingepungua sana. Nasema hivyo bila kinyongo.

4. Mnapotaka kutupa msaada mnaleta mkopo.

Fomu za mikopo ya akina mama na vijana tumejaza, na wengine zimewafaa. Ila mkopo ni shilingi inayokuja na kurudi na ziada, tena mara nyingi hutumika kununua mali ya kuuza kwa majirani wasio na shilingi. Tatizo la msusi si mtaji. Kitana na uzi anavyo. Anakosa mteja mwenye pesa mkononi siku ya Jumanne.

Najua mtakayosema, maana mengine tumeshayasikia kwenye ngazi za ofisi zenu.

Mtasema hii ni noti bandia. Noti bandia hujifanya noti ya Benki Kuu ili imdanganye anayeipokea. Vocha yetu itaandikwa jina la kikundi, mahali inapotumika, tarehe ya kuisha, na maneno kwamba si fedha halali na hakuna anayelazimishwa kuipokea. Mkitaka rangi fulani isitumike, au ukubwa fulani, semeni. Mkisema karatasi sawa lakini simu hapana, semeni pia.

Mtasema tunataka pesa ya Mombasa, na kuanzia hapo mazungumzo yatakuwa ya siasa. Pesa yenye jina la Mombasa imewahi kuwapo: mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ya IBEA ilitoa sarafu za shaba zilizoandikwa Mombasa. Ilikuwa ya kampuni, kwa faida ya kampuni, na imebaki kwa wakusanyaji wa vitu vya kale. Sisi hatuihitaji. Kibali cha biashara tutaendelea kulipa kwa shilingi, ada ya soko kwa shilingi, na anayestahili kulipa kodi vitabu vyake vitaonyesha mauzo yote, ya shilingi na ya vocha. Wala hatuwaombi leo mpokee vocha kwenye kaunta zenu. Nimeona wenzetu wanaopigania jambo hili huanza na ombi hilo, na kwa maoni yangu wanakosea: mapato ya kaunti yana mfuko wake kisheria, na kulianzia huko ni kutafuta kukataliwa.

Mtasema utapeli. Hili ni swali la haki na nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu Mombasa imeliwa na matapeli wa kila aina, na wengine walikuja na suti na programu za simu. Tapeli huhitaji mambo mawili: watu wengi wasiojuana, na ahadi ya kupata zaidi ya ulichoweka. Kwetu wanachama wanajuana kwa mlango, na vocha ya 50 itabaki 50. Hailali ikazaa. Anayeweza kutuumiza ni mwanachama anayenunua kwa wenzake kisha akifikiwa yeye asema mahamri yamekwisha. Yupo wa aina hiyo katika kila mtaa, na michezo yetu ya kupeana zamu imeshatufunza namna ya kumshika. Ndiyo maana ya wadhamini, na ndiyo maana kiwango cha kila mtu ni kidogo: akikimbia, amekimbia na thamani ya vitenge viwili, hajaondoka na nyumba ya mtu.

Hatari ya kweli iko kwingine, na ajabu ni kwamba hakuna ofisa aliyewahi kutuuliza kuihusu. Vocha hulundikana kwa mwenye duka. Kila mtu anataka kununua unga na mafuta kwa vocha, lakini mwenye duka hawezi kumlipa mwenye lori la Kongowea kwa karatasi ya Mikindani. Akipokea bila kipimo, rafu zake zitakauka na droo yake itajaa vocha. Mpango wowote usiolitazama hili utakufa, hata ukipewa baraka za serikali. Kwa hiyo tumeweka kwamba duka la bidhaa za kutoka nje ya mtaa lipokee sehemu ndogo tu ya bei, na likifika kiwango chake mwenyewe aruhusiwe kukataa bila kununiwa, mpaka atakapozitumia kwa kinyozi, kwa mchota maji, kwa mwalimu wa chekechea na kwa kijana anayemfagilia mbele ya duka. Huduma za mikono zibebe sehemu kubwa, kwa kuwa mikono haiagizwi bara. Pia tumekataa wazo la kutafuta mfadhili wa kuzibadilisha vocha kuwa shilingi. Siku watu wakijua kuna dirisha la kubadilisha, hakuna atakayezungusha tena. Watapiga foleni dirishani.

Mtasema zimejaribiwa kwingine zikafa. Nyingine zimekufa, ni kweli. Bristol kule Uingereza walianza pauni yao mwaka 2012, hata meya George Ferguson akapokea mshahara wake kwa pauni hiyo, na kufikia 2021 ilikuwa imekwisha. Lakini Uswisi wafanyabiashara wadogo walianzisha WIR, mtandao wao wa kulipana wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1934, shida ilipokuwa imewabana, na ingali hai. Brazil ndiko kunakotufaa zaidi sisi kutazama. Mwaka 1998 wakazi wa Conjunto Palmeiras, mtaa wa maskini huko Fortaleza, walianzisha Banco Palmas, benki ya mtaa iliyokuja kuwa na noti zake. Benki Kuu ya nchi mwanzoni iliwashuku, kisha ikakaa nao mezani. Na mji wa Maricá, karibu na Rio de Janeiro, serikali ya mji yenyewe tangu 2013 inawalipa wakazi wa kipato cha chini posho kwa mumbuca, fedha inayotumika ndani ya mji tu, kwa mapato yatokanayo na mafuta ya baharini. Nao wana bahari, nasi tuna bahari na bandari juu yake. Sisi hatujaomba posho.

Tunachoomba ni hiki:

Kwanza, jibu la maandishi, lenye sahihi ya mwenye mamlaka, likisema kama kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kinaruhusiwa kutumia vocha kama nilizoeleza. Ikiwa hapana, kifungu kitajwe.

Pili, mkutano mmoja wa hadhara hapa Mikindani. Waje maofisa wa biashara na ushirika, aje mwakilishi wa tawi la Benki Kuu la Mombasa, aje mkuu wa polisi, aje chifu. Mzee wa duka la nafaka ana swali lake na anastahili kulijibiwa na mtu mwenye cheo, si na mimi.

Tatu, mwaka mmoja wa majaribio kwa masharti yenu: idadi ya wanachama, kiwango cha juu cha vocha kwa kila mmoja, na vitabu vyetu kukaguliwa na ofisa wa ushirika kila baada ya miezi mitatu. Tukivuruga, mtufunge mpango.

Nne, malipo ya wafanyabiashara wadogo waliokwisha kupeleka mali au kumaliza kazi yatangulie ya wakubwa, na orodha ya wanaodai ibandikwe hadharani katika kila wadi.

Fedha za kuanzisha hatuombi. Karatasi na kupiga chapa tumeshachanga.

Mpaka mwisho wa mwezi ujao hatutatoa vocha hata moja. Tarehe hiyo ikipita bila jibu, tutapeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti, kama kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinavyoturuhusu, na siku hiyohiyo tutaomba, kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nakala ya kila kilichoandikwa juu ya barua yetu ya kwanza tangu ilipogongwa muhuri. Sheria hiyo inatoa siku 21 za kujibu.

Nakala zimebandikwa msikitini, kanisani na kwenye genge langu. Nakala ya ile ya kwanza, yenye muhuri, ninayo mimi. Ofisa anayetaka kuiona afike kabla ya saa nne asubuhi, kabla sijakwenda sokoni.

Wenu katika ujenzi wa Mombasa,

Katibu, kwa niaba ya wanachama
Mikindani